Ubao wa tezi (nyuma ya boti) inchi 17.5: nifunge mashine ya mguu mfupi au mrefu?

#1 Nahodha_Mchovu
Wakuu, salama? Mashine yangu ya boti, ya farasi 40, tu-stroku, imekata roho. Silinda ya juu imekwaruzika mpaka fundi alipoifungua akacheka badala ya kunitajia matengenezo. Sasa naweka fo-stroku, ya 40 vilevile. Boti ni faiba, mita 5.5, tumbo la V la wastani.

Muuzaji anazo mbili: ya mguu wa inchi 15 na ya inchi 20. Nimepima ubao wa tezi, kuanzia ukingo wa juu pale mashine inapokaa hadi chini kabisa tumboni, nikapata 17.5. Yaani nimeangukia katikati, si huku wala kule. Ile iliyokufa ilikuwa imeandikwa S, fupi, na imenitumikia miaka 9 bila kelele. Shemeji yangu anasema chukua fupi kwa kuwa ya zamani ilikuwa fupi. Jirani anasema refu halikosi, bora izame zaidi kuliko ipungue. Nani mkweli?

#2 Kasuku_wa_Gati
Kata mguu wa 20, kile kipande kiunge kwenye wa 15, utapata 17.5 mbili. Nimeweka kiti, wajuzi waje.

#3 FundiGiaboksi
Mkuu, kabla ya fupi na refu tuelewane kinachopimwa. Urefu wa mguu, yaani "shafti" kwenye karatasi za mauzo, si urefu wa chuma kinachozunguka ndani. Ni umbali kutoka ndani ya kibano, pale kinapokalia ukingo wa ubao, kushuka hadi lile bati bapa lililo juu ya propela. Basi. Si hadi propela, si hadi kisu cha chini.

Saizi zilizozoeleka ni 15, 20, 25 na 30, yaani milimita 381, 508, 635 na 762. Ukishaifunga, bati lile linatakiwa liwe usawa wa tumbo la boti au lishuke kama inchi 1. Sasa fanya hesabu yako: ya 15 bati litakuwa juu ya tumbo kwa inchi 2.5, ya 20 litakuwa chini kwa inchi 2.5. Fupi itakula hewa kila kona, yaani propela itanyonya hewa ya juu badala ya maji. Chukua 20.

#4 Mzee_wa_Omo
Nimesoma ya fundi. Mimi nasema ile ya zamani ilitembea miaka tisa ikiwa fupi, na boti ni ileile, ubao uleule. Bahari haisomi karatasi. Kitu kilichofanya kazi miaka tisa mnakikataa kwa futikamba?

#5 Binti_Bahari
Shikamoo Mzee. Swali lako ndilo la msingi: ilifanyaje kazi? Nahodha, ile maiti bado unayo? Ipime.

#6 Nahodha_Mchovu
Ninayo, iko bandani. Nimeipima sasa hivi kwa tochi. Inchi 24!

#7 Kasuku_wa_Gati
Hahaha! Kumbe miaka tisa ulikuwa na twiga ukamwita mbuzi.

#8 FundiGiaboksi
24 haipo popote mkuu. Umepima hadi wapi?

#9 Nahodha_Mchovu
Hadi katikati ya propela.

#10 FundiGiaboksi
Ndo nilichokisema #3 jamani. Rudi bandani, pima hadi kwenye bati.

#11 Nahodha_Mchovu
Samahani wakuu. Hadi kwenye bati ni 17 na kidogo. Mstari wa milimita unasoma 435.

#12 Mpiga_Hesabu
Kitendawili kimeteguka. Kuna watengenezaji ambao "fupi" yao ni milimita 435 na "ndefu" yao ni 562. Wengine fupi yao ni 381 kamili. Herufi S ni ileile, mguu umepishana zaidi ya inchi 2. Kwa hiyo maiti wako alikuwa na inchi 17.1 kwenye ubao wa 17.5, bati limepanda juu ya tumbo kwa chini ya nusu inchi. Boti inayokaa juu ya maji ikiwa mwendoni haioni tofauti hiyo. Mzee wa Omo yuko sahihi kwamba ilifanya kazi, na Fundi yuko sahihi kwamba 15 haitafanya kazi. Hawagombani.

#13 Mzee_wa_Omo
Marahaba Binti. Na wewe wa hesabu, mimi nagombana.

#14 Maji_Mafu
Kwa wale wanaodhani kula hewa ni kelele tu: nilifunga mashine fupi kwenye ubao wa 20 kwa sababu niliipata kwa jamaa na sikutaka kupoteza. Moja kwa moja, maji yakiwa shwari, ilikwenda. Kwenye mawimbi inalia kama imetoka gia, mizunguko inaruka, boti inasimama. Nikazoea. Kosa langu ni kwamba sikuangalia mkojo wa mashine, ule mchirizi wa maji ya kupoza. Matundu ya kunyonya maji yako kwenye mguu, juu kidogo ya propela, na mguu ukivuta hewa na matundu nayo yanavuta hewa. Impela ya pampu ni mpira, maji ndiyo yanayoulainisha. Nilipofungua nilikuta mabawa matatu hayapo. Vipande vilikuwa vimepanda kwenye njia za maji, na kuvitoa kulinichukua muda kuliko kubadilisha pampu.

#15 Dau_la_Mbao
Nimepita. Mimi nina upande wa pili wa shilingi. Mguu wa 20 kwenye boti ya mpira iliyotengenezwa kwa 15. Inchi tano za ziada zote majini. Rasharasha inapiga nyuma ya ubao na kurudi ndani, usukani mzito, mwendo umepungua, na kila nikikaribia ufuo kisu cha chini kinalima mchanga. Kwa hiyo jirani yake Nahodha anayesema "refu halikosi" mwambieni linakosa sana.

#16 Nahodha_Mchovu
Asanteni. Sasa mmenichanganya vizuri. 15 hapana, 20 labda. Hakuna ya 17?

#17 FundiGiaboksi
Ipo kama alivyosema Mpiga Hesabu, ila kwa chapa fulani na ukubwa fulani. Kama muuzaji wako hana, usihangaike. Inchi 2.5 kwenda chini zinatibika, inchi 2.5 kwenda juu hazitibiki bila kukata ubao. Na ubao usikatwe. Ukikata unapunguza kinga ya maji ya nyuma, na wimbi likikufuata tezi linaingia moja kwa moja.

Dawa ya refu: mashine nyingi za 40 na kuendelea zinafungwa kwa boliti, na kibano kina matundu yaliyopangwa kwa kushuka, kila moja limeachana na jingine kama milimita 19, robo tatu ya inchi. Boliti zikiwa tundu la juu kabisa mashine iko chini kabisa. Ukihamia la pili imepanda robo tatu, la tatu inchi moja na nusu. Kwako la tatu linakuacha bati likiwa inchi 1 chini ya tumbo. Palepale panapotakiwa.

#18 Mpiga_Hesabu
Nyongeza ndogo. Nahodha, hizo 17.5 ulizipima kwa timazi, au ulilaza futikamba kwenye ubao?

#19 Nahodha_Mchovu
Timazi. Kwani?

#20 Mpiga_Hesabu
Ubao wa tezi haujasimama wima, umelala kama digrii 12 hadi 14. Mguu wa mashine unalala nao. Kwa digrii 14, wima 17.5 ni sawa na 18 ukifuata mteremko wa ubao. Na mguu unapimwa kwa mteremko. Nusu inchi umeipata bure, na imehamia upande wa refu.

#21 Mzee_wa_Omo
Na ukiinua pembe ya mashine ukiwa mwendoni, mguu hausogei? Unasogea. Basi hesabu yako ya digrii 14 inaishia pale unapobonyeza kitufe.

#22 Mpiga_Hesabu
Hapo umenishika Mzee. Ndiyo maana kipimo cha bati ni cha kuanzia tu.

#23 Tanga_na_Mlingoti
Salaam. Hii "usawa wa tumbo au inchi 1" mnaongea habari za boti za mwendo. Kwa mashua nzito isiyopanda juu ya maji kanuni inageuka. Mimi nina mashua ya tanga ya mita 7, mashine ndogo ya 6 kwa ajili ya kuingilia na kutokea. Mwanzo niliweka mguu wa 20 na bati lilikuwa chini ya maji vizuri tu nikiwa nimetia nanga. Nje, omo (mbele) ikizama tezi inapanda, propela inatoka hewani na kulia, kisha inazama tena na kujisukuma. Nikahamia 25 na bati likashuka inchi kadhaa zaidi. Mvuto wa maji hauna maana kwa mwendo wangu wa mtu anayetembea. Kwangu mimi jirani wa Nahodha yuko sahihi kabisa.

#24 Dau_la_Mbao
Mkuu Tanga, swali: unapima ukiwa peke yako au mizigo yote ndani?

#25 Tanga_na_Mlingoti
Mizigo yote. Na watu wakae mbele, maana mtu akienda omo kushika kamba ndipo tezi inapopanda zaidi, na ndipo unapoihitaji mashine kuliko wakati wowote.

#26 Evin_Yatima
Nimeuchelewa uzi. Mimi natoka kwenye Evinrude, uzalishaji wake ulisimamishwa 2020, kwa hiyo kubadilisha chapa si hiari. Yangu ya zamani ilikuwa ya 15 iliyorefushwa kwa kipande cha inchi 5. Je, naweza kufanya hivyo kwa mpya?

#27 FundiGiaboksi
Inategemea mashine. Kipande cha kurefusha si kipande kimoja. Unaongeza mwili wa mguu, shafti ya kuendesha (au kiunganishi chake), fimbo ya gia, na bomba la kupandisha maji. Ukisahau bomba, mashine inawaka na kutembea vizuri kwa dakika chache, halafu unajua mwenyewe. Kwa mashine mpya kununua yenye mguu sahihi tangu mwanzo ni akili zaidi.

#28 Kasuku_wa_Gati
Ole Evinrude alileta mashine yake 1909. Zaidi ya miaka mia moja baadaye bado tunabishana kuhusu mguu. Maendeleo.

#29 Binti_Bahari
Turudi kwenye mada lakini nipitie kwangu kidogo, kwa sababu nilifanya kosa ambalo sijaona mtu akilitaja. Mimi naendesha mbili pacha. Katikati ubao wangu ni 25, nikaagiza mbili za 25. Zilipofungwa zilikuwa zimezama hatari, boti inajivuta kama ina nanga nyuma. Tumbo la V linapanda kadiri unavyotoka katikati kwenda ubavuni. Mwinuko wangu ni kama digrii 20, na kila mashine iko inchi 14 kutoka katikati. Inchi 14 kwa mwinuko huo tumbo limepanda inchi 5. Pale mashine zilipokaa urefu halisi ulikuwa 20, si 25. Pima pale mashine itakapokaa, si mahali pengine popote.

#30 Mpiga_Hesabu
Nimekokotoa: 5.1. Binti huyu asiguswe.

#31 Kasuku_wa_Gati
Nani alikuwa anataka kumgusa?

#32 Maji_Mafu
Kitu kingine Nahodha: uzito. Tu-stroku ya 40 ilikuwa kilo sabini na kitu. Fo-stroku ya 40 inakaribia mia. Hizo kilo ishirini na kitu zinakaa pabaya kuliko zote, nje kabisa ya tezi. Tezi ikishuka, matundu ya kutolea maji ya sakafu yanaweza kuwa chini ya usawa wa maji na kugeuka kuwa matundu ya kuingizia. Angalia kwanza boti ikiwa imesimama.

#33 Nahodha_Mchovu
Hilo sikulifikiria. Je, tezi ikishuka bati nalo linazama zaidi, kwa hiyo nahitaji mguu mfupi kidogo?

#34 FundiGiaboksi
Hapana. Bati na tumbo vinashuka pamoja. Ulinganisho haubadiliki. Kinachobadilika ni maji ukiwa umesimama, na muda wa boti kupanda juu ya maji.

#35 Dau_la_Mbao
Mimi sikubali moja kwa moja. Tezi ikiwa nzito omo inapanda, na maji yanayofika kwenye propela yanatoka pembe nyingine. Nimeona boti ikibadilika tabia kwa kuhamisha betri tu kutoka nyuma kwenda mbele.

#36 FundiGiaboksi
Tabia ndiyo, urefu wa mguu hapana.

#37 Dau_la_Mbao
Sawa, tuiache. Na kwa sisi wa mbao kuna jambo la mkuku. Mkuku wangu unakwenda hadi mwisho wa tezi na unatoka chini ya tumbo inchi 3. Mnapima hadi kwenye ubao wa tumbo au hadi chini ya mkuku?

#38 Mzee_wa_Omo
Hadi chini ya mkuku. Maji yanayopita kando ya mkuku yanakuja yakiwa yamechafuka, yamejaa povu. Propela inataka maji mazima.

#39 Mpiga_Hesabu
Mimi nimekuwa nikipima hadi tumboni, kisha naongeza. Mkuku ulionyolewa ukawa mwembamba mwishoni haulazimishi inchi zote 3.

#40 Mzee_wa_Omo
Umeunyoa wa kwako?

#41 Mpiga_Hesabu
Boti yangu ni faiba, Mzee.

#42 Mzee_wa_Omo
Aha.

#43 Mwalimu_Povu
Naomba kurekebisha jambo moja, maana naona watu wanaita lile bati "la kuzuia kavitesheni" kwenye nyuzi nyingine na hata vitabu vya mashine vinaandika hivyo. Kavitesheni ni maji kuchemka kwenye bawa la propela kwa sababu shinikizo la maji limeshuka mno, hata kama hakuna hewa yoyote iliyoingia. Mapovu yale yakipasuka yanachimba chuma, unaona vijishimo. Lile bati haliwezi kuzuia hilo. Kazi yake ni kuzuia hewa ya juu isinyonywe na propela. Nahodha akisema mashine "inalia", karibu kila mara ni hewa ya juu, na hapo ndipo urefu wa mguu unapohusika. Propela yenye bawa lililopinda au kumegeka inaleta kavitesheni hata mguu ukiwa sahihi. Msimlaumu mguu kwa dhambi za propela.

#44 Kasuku_wa_Gati
Mwalimu ameingia, tukae sawasawa.

#45 Nahodha_Mchovu
Nimechukua ya 20. Fundi wangu anaifunga kesho, tundu la tatu kama mlivyosema. Nitaleta mrejesho.

#46 Maji_Mafu
Ukitoka tundu la juu, ndoana ya kibano haikalii tena ukingo wa ubao, uzito wote unabebwa na boliti. Jaza lile pengo kwa kipande cha mbao ngumu. Na matundu ya boliti yapakwe mpira wa kuzuia maji, la sivyo ubao utaoza kwa ndani bila wewe kuona.

#47 Binti_Bahari
Siku ya majaribio nenda na mtu wa kushika usukani, wewe kaa nyuma uangalie bati boti ikiwa juu ya maji. Ukiona maji yanateleza juu yake kidogo au usawa wake, umefika. Ukiwa huoni bati kabisa, lipandishe tundu moja. Endelea hadi ianze kulia kwenye kona, kisha shusha moja.

#48 Nahodha_Mchovu
Mrejesho, wakuu. Moja kwa moja imetulia kabisa. Mkojo unatoka wa kutosha. Mwendo umezidi wa zamani kidogo. Bati naliona, maji yanateleza juu yake. LAKINI kona ya kushoto inalia, mizunguko inaruka. Kona ya kulia hakuna kitu. Nimejaribu mara sita.

#49 FundiGiaboksi
Shusha tundu moja.

#50 Mpiga_Hesabu
Ingekuwa urefu, ingelia pande zote mbili. Mashine iko katikati kweli? Sentimita 2 pembeni kwenye tumbo la V zinatosha, kama hesabu ya Binti #29.

#51 Dau_la_Mbao
Au ni uzito. Tangi la mafuta liko upande gani? Boti ikilalia upande mmoja kona moja inakuwa kali kuliko nyingine.

#52 Mwalimu_Povu
Propela inazunguka upande mmoja tu, kwa hiyo kona mbili hazifanani hata siku moja. Inawezekana uko kwenye mpaka, na kushoto ndiko mpaka unapovukwa.

#53 Mzee_wa_Omo
Ya zamani ililia kona ya kushoto?

#54 Nahodha_Mchovu
Hapana Mzee. Tangi liko katikati. Mashine nimepima, iko katikati, kulia na kushoto sawa kwa milimita.

#55 Binti_Bahari
Kuna kitu kingine kipya nyuma ya boti? Kamera, ngazi, kidude cha kipima kina?

#56 Nahodha_Mchovu
Kipima kina nimefunga siku hiyohiyo, fundi alikuwa na drili mkononi. Kiko kushoto, karibu na mashine, kinatoka chini ya tumbo kidogo. Kwa nini?

#57 Binti_Bahari
Kikitoka chini ya tumbo kinachafua maji yanayokwenda kwenye propela, kama mkuku wa #37. Kiko umbali gani kutoka kwenye mashine?

#58 Nahodha_Mchovu
Kiganja kimoja.

#59 Kasuku_wa_Gati
Kurasa nzima za mguu, kumbe kidole.

#60 FundiGiaboksi
Bado nasema shusha tundu moja.

#61 Nahodha_Mchovu
Ngojeni kwanza nitafute bisibisi.